Wajapani na mitandao yao: niliyojifunza tangu siku nilipoombwa nifute picha

Binti_Pangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naanzisha uzi wangu wa kwanza kwa sababu kila wiki napata ujumbe wa vijana wanaokuja Japani kusoma au kufanya kazi, na wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. "Dada, mbona nimemwomba urafiki Facebook mwezi wa tatu huu, kimya?" "Dada, mbona profaili zao zote ni paka na maua?" "Dada, hawa watu wananichukia?"

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Oktoba 2019, wiki ya pili tangu nifike mkoa wa Ibaraki, wenzangu wa maabara walinifanyia karamu ya kunikaribisha. Mgahawa mdogo, tumevua viatu, tumekaa chini, mishikaki ya kuku inakuja sahani kwa sahani, kila mtu anacheka. Nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya: nikapiga picha ya meza nzima, nikaiweka Instagram na Facebook, nikawatagi wote niliowajua majina, nikaandika "Familia yangu mpya." Ndugu zangu wa Tanga wakamwaga laiki na makopakopa. Nikalala na furaha.

Kesho yake dada mmoja wa maabara alinisubiri mpaka wengine wakatoka kwenda kula. Akaanza kwa kuomba radhi. Akasema picha ni nzuri, nimependeza, chakula kilikuwa kitamu, hali ya hewa imeanza kupoa. Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa kwamba ananiomba niifute, au niwafunike nyuso. Wawili kati yao hawakutaka sura zao zionekane mtandaoni, na hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha.

Nilifuta palepale. Usiku nililia, maana nilijiambia wanaona aibu kuonekana na Mwafrika. Niliishi na donge hilo siku nne, hadi walipoanza kunifundisha kutumia LINE, programu yao ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp, na kuniingiza kwenye kundi la maabara. Ndani ya kundi kulikuwa na albamu ya usiku ule ule: picha zaidi ya sitini, na mimi nimo kwenye karibu zote, mdomo umejaa kuku. Halafu nikaenda Instagram ya mmoja wao kuangalia aliweka nini. Aliweka picha moja: sahani ya mishikaki, na ncha ya vidole vya mtu akishika kikombe. Basi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona namna wanavyofikiri. Usiku ule ulikuwa mali ya waliokuwepo mezani, na picha zake zikabaki na waliokuwepo mezani. Barazani kwa watu wote wanaweka kuku, maana kuku hana wa kumuuliza. Wana neno la kisheria kabisa, shozoken, haki ya mtu juu ya sura yake, na hata mtoto wa shule analijua. Simu zinazouzwa huku kamera yake italia tu ukipiga picha, huizimi sauti, ili mtu ajue anapigwa. Si sheria ya bunge, ni makampuni ya simu yalianza hivyo miaka ya 2000 mwanzoni na mambo yakabaki hivyo.

Sasa LINE yenyewe, maana bila LINE huku huishi. Ilizinduliwa Juni 2011, miezi mitatu baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11 kule Tohoku, na kampuni ya Tokyo iliyokuwa chini ya Naver ya Korea. Leo ina watumiaji zaidi ya milioni 90 kwa mwezi katika nchi yenye watu takribani milioni 124. Bibi wa miaka 80 anayo. Kliniki ya meno inakukumbusha miadi humo, halmashauri nyingi zinakukumbusha humo siku ya kutoa taka. WhatsApp utaikuta kwa mwenye ndugu au kazi nje ya nchi.

Ndani ya LINE kuna kitu kinaitwa *kidoku*, "imesomwa". Ni ndugu yake tiki za bluu, ila tiki za bluu unaweza kuzizima kwenye mipangilio, kidoku haizimiki. Ukifungua ujumbe, mwenzio ameona kuwa umefungua. Kusoma ukapita bila kujibu kuna jina lake, *kidoku suru*, na watu wameachana kwa hilo. Kuacha makusudi bila kufungua nako kuna jina, *midoku suru*. Nimemwona rafiki yangu kwenye treni saa nne usiku, ujumbe wa msimamizi wake wa kazi ya jioni umeingia. Alibonyeza jina la yule msimamizi polepole bila kuachia, ujumbe ukachungulia kidogo bila kuhesabiwa kuwa umesomwa. Kidole kilikuwa kinamtetemeka asije akabonyeza zaidi. Alisoma, akafunga, akakaa na mawazo vituo sita.

Ndiyo maana stika ni kitu kikubwa kwao. Wanaziita *sutampu*. Kuna dubu Brown na sungura Cony walioanza nazo, na tangu 2014 mtu yeyote anaweza kuchora zake na kuziuza. Stika inasema "nimesoma, niko pamoja nawe, sina neno refu kwa sasa". Kwa anayekuja kufanya kazi huku: usimtumie mkubwa wako stika yenye neno *ryokai*. Maana yake "nimeelewa", lakini wengi wanaona ni neno la kumwambia mwenzako. Kwa mkubwa andika *shochi shimashita*. Hili dogo limewaponza wengi.

Nitaendelea na X (Twitter ya zamani) na akaunti zao za siri nikitoka kazini.

Mzee_wa_Magari

Binti yangu, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa Yokohama na Kawasaki miaka ya 1996 hadi 2008 nikituma magari Dar. Ongeza haya kwenye uzi wako, maana hawakuanza jana.

Nilipofika, wasichana wa shule walikuwa na vile vidude vya kiunoni vya kupokea namba, *pokeberu*. Walikuwa wanaongea kwa tarakimu. 0840 ni *ohayo*, habari za asubuhi. 4649 ni *yoroshiku*, nategemea wema wako. 14106 ni *aishiteru*, nakupenda. Ungekuta foleni ya watoto kwenye simu ya kibanda, vidole vinabonyeza kuliko karani wa benki.

Halafu 1999 kampuni ya simu ya Docomo wakaleta i-mode, barua pepe na intaneti ndani ya simu ya mkononi, miaka minane kabla ya aifoni. Na hizo emoji mnazotumia wote humu, seti ile ya Docomo ya picha 176 aliichora bwana Kurita Shigetaka mwaka huohuo, kila moja nukta 12 kwa 12. *E* ni picha, *moji* ni herufi. Makumbusho ya sanaa ya New York, MoMA, ikazichukua 2016.

Na sababu ya wao kupenda kuandika kuliko kupiga niliiona kwenye treni. Mule ndani huongei na simu, ni kosa la adabu. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, gari limejaa hadi mlangoni, kimya, na kila mtu yuko na simu yake mkononi. Watu wanaosafiri hivyo kila siku maisha yao yote watajifunza kuongea kwa vidole.

Binti_Pangani

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hii ya tarakimu niliwahi kuisikia kwa sensei (mwalimu) wangu tu. Nimefika Oktoba 2019, na pokeberu za mwisho pale Tokyo zilizimwa Septemba 30 mwaka huohuo. Nimezikosa kwa siku chache.

Umenikumbusha pia mixi, mtandao wao wa kijamii wa zamani. Hiyo ilianza 2004, miaka ya mwanzo huingii bila kualikwa na aliyemo. Watu waliandika shajara humo. Ilikuwa na kitu kinaitwa *ashiato*, nyayo: ukipita kwenye ukurasa wa mtu anaona umepita. Ukisoma shajara yake ukaondoka bila kuacha neno ilisemwa umekanyaga ukakimbia. Hodi ni hodi hata mtandaoni! Mwaka 2011 kampuni ilipoziondoa zile nyayo watumiaji walilalamika sana. Kwa hiyo kidoku haikuwakuta wageni wa jambo hili.

Ukweli_Mchungu

Mleta uzi, uandishi wako mzuri, lakini mimi sikubaliani. Mtu asiyeweka jina wala sura ana kitu anaficha. Sisi huku mtu anatoa maoni kwa jina lake na la baba yake. Hao unaowasifia ni waoga, na nimeona X ya Kijapani, ni katuni na paka wanatukana watu. Nani atamwamini paka?

Binti_Pangani

Ukweli_Mchungu, mwaka wangu wa kwanza na mimi nilifikiri hivyo, kwa hiyo nakujibu kama ninavyojijibu mwenyewe.

Kwanza una haki juu ya wingi wao. Waraka wa wizara ya mawasiliano ya Japani wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 75.1 ya watumiaji wa Twitter huku hawatumii majina yao. Marekani ilikuwa asilimia 35.7. Na mizizi iko mbali: mwaka 1999 Nishimura Hiroyuki, akiwa mwanafunzi Arkansas, alianzisha jukwaa la 2channel, ambako ukiandika bila kujitaja unaitwa *Nanashi-san*, Bwana Asiye na Jina. Karibu wote walikuwa Bwana Asiye na Jina. Kizazi kizima kimejifunza intaneti pale.

Lakini nikuonyeshe kitu kwa karibu. Yule dada aliyeniomba nifute picha tulikuja kuwa marafiki. Mwaka wa tatu, tukiwa chumbani kwake majira ya baridi, miguu chini ya meza yenye hita, alinigeuzia simu yake na kunionyesha akaunti zake za X. Nne. Ya kwanza ya watu aliosoma nao, humo ni salamu na pongezi. Ya pili imefungwa kwa ufunguo, wanaiita *kagi-aka*, watu kumi na mmoja tu, humo analia na kulalamika. Ya tatu haifuati mtu wala haifuatwi na mtu. Anaandika anayoshindwa kumwambia hata mama yake, kisha anafunga. Ya nne ni ya mapenzi yake: anafinyanga vyakula vidogo vya udongo, bakuli la tambi lenye ukubwa wa ukucha, yai limekatwa katikati na kiini kinang'aa. Wafuasi zaidi ya elfu tatu. Maabara nzima, miaka mitatu, hakuna aliyejua. Watu wa nne hawajui kama ni mwanasayansi, watu wa kwanza hawajui kama ni fundi.

Nilimuuliza kwa nini asiwaambie wenzetu, ni kazi ya kujivunia. Akasema, "Wakijua, watalazimika kusifu." Nimelifikiria sana jibu hilo. Hakutaka kumtwika mtu wajibu wa kumpenda.

Na hilo neno *aka* wanaloandika kumaanisha akaunti, herufi yake ya Kijapani maana yake ni nongo, ule uchafu unaotoka mwilini ukijisugua. Ni mchezo wa sauti tu, lakini *ura-aka*, akaunti ya upande wa nyuma, kwa wengi ndiko nongo inakotokea. Sisi nongo zetu tunazitolea wapi? Kibarazani kwa shoga yako, saluni, kijiweni. Mjapani anayefanya kazi kampuni moja miaka ishirini, anayeishi peke yake chumba cha mita za mraba kumi na tano, hana kibaraza. Jina lake likishikwa na neno baya leo, keshokutwa liko mezani kwa bosi.

Kuhusu paka wanaotukana watu, hapo sina utetezi. Nitamwachia mwenye uzoefu zaidi.

Pwani_254

Dada, niko Mombasa, naifuatilia sana X ya Kijapani kwa ajili ya anime. Nauliza mawili. Kwa nini X iko na nguvu hivyo kwao wakati kwingine watu wamehamia TikTok? Na hizo "wwww" na "888" wanazoandika ni nini?

Binti_Pangani

Pwani_254, karibu sana. *W* ni herufi ya kwanza ya *warai*, kicheko. Zikiwa nyingi, wwwww, zinafanana na majani ya nyasi, kwa hiyo siku hizi mtu akichekeshwa anaandika tu *kusa*, nyasi. Na 8 ni *hachi*. 8888 ni *pachi pachi*, sauti ya makofi. Zilishamiri sana Niconico, ile tovuti ya video ya tangu 2006 ambako maoni ya watazamaji yanapita juu ya picha yenyewe kama mvua.

Kuhusu nguvu ya X, sababu moja ni lugha. "Tetemeko la ardhi" kwetu ni herufi 17 pamoja na nafasi. Kwao ni herufi mbili. Kwenye herufi 140 za zamani Mjapani aliandika aya nzima yenye mwanzo na mwisho wakati sisi tunakatakata maneno. Twitter walipopima mwaka 2017 waliona asilimia 9 ya posti za Kiingereza zinagonga ukuta wa 140, za Kijapani asilimia 0.4. Ndiyo maana walipoongeza hadi 280, Kijapani, Kichina na Kikorea viliachwa na 140. Kile chombo ni kama kilishonwa kwa kipimo chao.

Sababu nyingine ni kwamba wanapenda kuwa pamoja bila kugusana. Agosti 2, 2013 televisheni ilionyesha tena ile filamu ya katuni ya Miyazaki ya mwaka 1986 kuhusu ngome ya angani. Kuna mahali watoto wawili wanashikana mikono na kutamka neno la kuangamiza, *barusu*. Nchi nzima iliandika neno hilo sekunde ileile, na Twitter ikapokea posti 143,199 kwa sekunde moja. Kila mtu sebuleni kwake, wengi peke yao, wametamka na watoto wale. Mwenzangu wa maabara alikuwa na miaka 17 siku ile, na anasema alilia. Namuamini.

Nagoya_Kwetu

Dada Binti, nakuheshimu, ila naona umepamba upande mmoja. Niko Nagoya mwaka wa nane, kiwanda cha vipuri. Vijana wanaokuja wasome na huu upande.

Huku kuna neno *enjo*, kuwaka moto. Ukikosea mtandaoni unawaka. Mwaka 2013 vijana wa vibarua walianza kuposti utundu kazini, mmoja akalala ndani ya friza ya aiskrimu ya duka. Duka likafungwa. Januari 2023 ikaja video ya kijana analamba chupa ya sosi kwenye mgahawa wa sushi huko Gifu, kampuni ikamdai yen milioni 67 hivi kabla ya kumalizana. Kosa ni kosa, sawa. Lakini ndani ya saa chache watu wasio na majina walikuwa wameshachimba jina lake, shule yake, na familia yake. Wana jina kabisa, *tokuteihan*, kikosi cha kutambua watu. Hao wanaoficha sura zao kwa adabu ndio haohao wanamvua mwingine nguo sokoni.

Na msisahau Kimura Hana. Mwanamieleka, miaka 22. Alionekana kwenye kipindi cha televisheni amekasirika kwa sababu vazi lake la ulingoni liliharibiwa kwenye mashine ya kufulia, na matusi yakamfuata siku hadi siku. Mei 2020 alijitoa uhai. Wanaume wawili walipatikana na hatia ya kumtukana, na kila mmoja akatozwa yen 9,000. Hela hiyo mimi nalipia kiatu cha kazini. Mama yake hakunyamaza, akapigania sheria, na kuanzia Julai 2022 kosa la kutukana lina kifungo hadi mwaka mmoja au faini hadi yen 300,000. Pia imekuwa rahisi zaidi kwenda mahakamani kulazimisha mtandao umtaje aliyekutukana. Kwa hiyo paka naye siku hizi anakamatwa.

La mwisho, na hili nawaomba mnisikilize. Ukiona kwenye X tangazo la kazi ya siku moja, malipo mazito, hakuna maswali, hiyo ni *yami baito*, kibarua cha gizani. Wanakuhamishia Signal au Telegram, wanataka picha ya kitambulisho chako, halafu wanakutuma kuiba au kupokea pesa za wazee waliotapeliwa. Ukikataa, wanajua kwenu ni wapi. Januari 2023 bibi wa miaka 90 aliuawa nyumbani kwake Komae, Tokyo, na vijana waliokusanywa kwa njia hii. Msijaribu hata kuuliza bei.

Binti_Pangani

Kaka Nagoya, asante, na umenisahihisha kwa haki. Nilipoandika juu ya adabu yao nilikuwa nawaza wale ninaokula nao. Kuhusu Hana siwezi kuongeza kitu. Nilikuwa huku mwezi ule, na maabara kulikuwa na ukimya wa aina ambayo sijausikia tena.

Mwalimu_wa_Kibaha

Wanajamvi, mimi ni mwalimu wa sekondari. Magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi yananitesa: mtoto anatolewa kwenye grupu la darasa, kesho haji shule. Je, huko wanafanyaje? Na uzushi vipi, huko nako watu wanafowadi vitu vya ovyo?

Binti_Pangani

Mwalimu, shikamoo. Kutolewa kundini huku kunaitwa *LINE hazushi*, na ni jeraha lilelile. Mara nyingi hawamtoi hata: wanafungua kundi jipya la darasa lote kasoro yeye, na lile la zamani linabaki kimya. Mtoto anakaa anasubiri kwenye chumba ambacho wote wameshahama. Sheria ya kuzuia uonevu shuleni ya 2013 inataja wazi na ya mtandaoni. Na Aprili 2014 shule za mji wa Kariya, Aichi, ziliwaomba wazazi wachukue simu za watoto saa tatu usiku. Hakukuwa na adhabu. Faida yake ilikuwa kwamba mtoto alipata la kusema: "Simu yangu inachukuliwa saa tatu," asilaumiwe kwa kutojibu. Nadhani hili unaweza kulijaribu Kibaha na wazazi wa darasa moja tu kwanza.

Uzushi upo. Aprili 2016 tetemeko lilipopiga Kumamoto, usiku uleule kijana mmoja aliposti kwamba simba ametoroka bustani ya wanyama, na picha ya simba anatembea barabarani usiku. Watu wako nje gizani, nyumba zinatikisika, halafu simba. Bustani ilipigiwa simu zaidi ya mia moja. Picha ile ilikuwa ya Johannesburg! Julai polisi walimkamata, umri miaka 20, alikuwa anaishi Kanagawa, mbali kabisa na tetemeko.

Januari 1, 2024 rasi ya Noto ilipopigwa na tetemeko, uzushi ulikuwa na sura mpya. Watu chini ya vifusi waliandika anwani zao X wakiomba msaada, na akaunti nyingi kutoka nje ya Japani zikanakili maombi yale neno kwa neno ili zipate watazamaji na malipo. Waokoaji wasijue ipi ya kweli. Wajapani waliwaita *inpure zonbi*, mazombi ya kuwinda watazamaji. Kama kuna kijana humu ndani anajipatia riziki kwa kunakili posti za watu, namwomba kwa dhati aache siku ya maafa. Kuna mtu anahesabu pumzi nyuma ya anwani ile.

Ukweli_Mchungu

Nimesoma yote hadi hapa, na la dada wa vyakula vya udongo limenigusa, sikatai. Lakini bado nabaki na langu: ni watu baridi. Mtu anasoma ujumbe wako anakutumia picha ya dubu. Kwetu mtu akiwa na shida simu inalia mpaka chaji inaisha.

Binti_Pangani

Kaka, nikusimulie usiku mmoja.

Machi 16, 2022, saa tano na dakika 36 usiku. Nilikuwa kitandani. Simu iliwika ile sauti ya tahadhari ambayo ukiisikia mara moja huisahau, kisha jengo likaanza kuyumba, na halikuacha. Kabati la vyombo lilimwaga kila kitu. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 7.4 baharini karibu na Fukushima, na umeme ulikatika kwa nyumba kama milioni mbili upande wa Tokyo na mikoa yetu hii.

Nikiwa gizani chini ya meza niliandika kwenye kundi la maabara, Kijapani changu kibovu: "Niko salama. Ninyi je?" Kundi letu ni watu kumi na watano.

Mwanzoni hakuna aliyejibu. Lakini pembeni ya ujumbe wangu palikuwa na lile neno, *kidoku*, na namba. Kidoku 1. Kidoku 4. Hapo hapo ikawa 7. Wajapani wengi watakwambia kuwa alama ile iliwekwa kwa ajili ya usiku kama huu, kwa mtu ambaye mikono yake imebanwa au chaji imebaki kidogo na hawezi kuandika: akifungua tu, aliye mbali anajua yuko hai. Mpaka usiku ule nilikuwa naiona kama kero. Nilikaa sakafuni kati ya vigae vya vikombe nikiitazama ile namba kama mtu anayehesabu watoto wanaotoka mtoni. Kidoku 9. Kidoku 12. Sensei akatuma stika ya sungura anainama. Kidoku 13.

Ikakwama 13.

Wote tulijua aliyebaki ni nani, maana ni mmoja tu aliyekuwa amekwenda kwao kaskazini, karibu na pwani. Hakuna aliyeandika jina lake. Nilisubiri. Saa sita ikapita. Saa saba kasoro robo yule dada yangu wa vyakula vya udongo akanitumia peke yangu neno moja, *miteru*: "natazama". Na yeye alikuwa ameandika kundini baada yangu, na yeye alikuwa anatazama namba yake.

Saa saba na dakika 12 ikawa 14.

Hakuandika kitu, wala hatukumuuliza. Nikalala nikiwa nimevaa viatu.